Soda Isiyo na Ile Kitu

Majengo, Meru. Jumatatu, 12 Machi 2018

Nimetapika mara nne. Chai, maji, nusu kiazi, kisha hewa tupu. Mvua imeanza leo saa nane mchana, mapema kuliko tulivyotarajia, na nguo zangu zilikuwa nje.

Daktari Riungu amesema niandike kila kinachoingia kinywani na kinachofuata baadaye. Alitaka orodha. Mimi ni karani wa masjala ya ardhi, kutwa nzima naandika orodha za watu wengine, kwa hiyo ya kwangu nitaiandika nipendavyo, na maoni yangu ndani.

Basi. Mimi ni Virginia Karwirwa, miaka thelathini na sita, kwetu Kibirichia. Mume wangu ni Ireri wa Kiritiri, anajenga barabara huko Marsabit na kuja nyumbani wikendi moja kwa mwezi. Nimepoteza mimba mbili, zote katika mwezi wa nne. Baada ya ile ya pili ndipo Daktari Riungu alipopima damu akagundua kwamba mwili wangu unapigana na ngano. Ngano, shayiri, na chochote kilichotengenezwa kwa hizo. Kuna kitu ndani yake kinaitwa gluteni. Kikiingia tumboni mwangu kinachubua utumbo, na chakula kinapita bila kuniachia chochote.

Tangu Agosti sijala chapati, mandazi wala mkate. Nimenenepa kidogo. Sasa nina wiki saba. Nikiumaliza mwezi wa nne nitaanza kuamini.

Jumanne, 13 Machi

Kiazi kimekaa. Maji yamerudi.

Alhamisi, 15 Machi

Nimepata kinachokaa tumboni: soda baridi, kijiko kwa kijiko. Nilikunywa nusu chupa ya limau kwa saa nzima na haikurudi. Nilikaribia kuimba.

Lakini si soda zote. Ile ya tangawizi ya chupa ya kahawia nilisoma kibandiko chake kwa kioo cha kukuzia cha ofisini, na pale chini kabisa, baada ya maneno mengi ya kizungu, pameandikwa kimea cha shayiri. Nani anaweka shayiri kwenye tangawizi? Nikarudi nayo kwa Jattani, mwenye duka pale nyuma ya msikiti.

"Jattani, hii iko na shayiri."

"Hii ni soda, dada. Shayiri ni ya pombe. Mimi nimeenda Hija, naweza kuuza pombe?"

"Sijasema pombe. Nimesema shayiri. Soma."

Akavaa miwani, akasoma, akaivua. "Wallahi, hata mimi sikujua. Miaka yote watu wanakunywa tu." Kisha akashusha kila aina ya soda kutoka rafuni, tukazipanga kaunta. Tulisoma kumi na moja. Wateja wakasimama nyuma yangu na nyama zao za buchari mikononi, wakingoja, mmoja akauliza kama mimi ni mtu wa serikali. Nikasema ndiyo. Si uongo.

Jumamosi, 17 Machi

Siku mbaya. Nilikunywa soda ya chungwa iliyoandikwa "sukari imepunguzwa". Walichoweka badala ya sukari hakielewani na tumbo langu hata kidogo, nimeshinda chooni. Nimempigia Daktari Riungu. Anasema utumbo wangu bado una vidonda, hivyo vitamu vya maabara niviache kabisa. Soda iwe ya sukari halisi ya miwa, na isiwe na shayiri. Hayo mawili. Yakikosekana nisinywe.

Kati ya zile kumi na moja za Jattani, zimebaki tatu. Limau, nanasi, na nyekundu moja ambayo hakuna anayejua ni tunda gani.

Jumatatu, 19 Machi

Mama Ireri amepiga simu. Ananipenda, nadhani, ingawa hatujawahi kuishi pamoja zaidi ya siku tatu. Kimeru changu na Kimbeere chake vinakaribiana mpaka pale penye jambo la maana, hapo vinaachana, kwa hiyo tunaongea Kiswahili: changu cha shule, chake cha soko.

Aliuliza ninakula nini. Nikamwambia daktari amenikataza mambo mengi, hata soda sinywi ovyo ovyo.

"Lazima niangalie sukari, Mama."

Nikasikia akifunga mlango upande wake.

"Sukari?"

"Ee, sukari. Daktari ameona kwa damu. Hata mkate nimekatazwa, na mandazi..."

"Virginia." Sauti yake ilishuka. "Usitaje hiyo jina tena. Mwenye mimba hataji ugonjwa. Nimesikia. Ile kitu naijua. Nimekaa na ile kitu kwa hii nyumba miaka kumi na moja, na Baba Ireri."

Kumbe mzee naye alikuwa na tumbo kama langu! Ireri husema tu baba yake alikufa na mguu, na sikuwahi kuuliza mguu ulikuwa na nini. Nimefarijika kuliko nilivyotarajia. Tangu Agosti nimekuwa nikieleza watu gluteni ni nini, wakinitazama kama ninajidai, na huyu mama wa Kiritiri amenielewa kwa simu ya dakika tatu.

Ijumaa, 23 Machi

Mvua. Limau, viazi, yai. Yote yamekaa.

Jumatano, 28 Machi

Koome wa dawati la ramani ameniletea chupa ya kinywaji cheusi cha kimea, eti kinaongeza damu kwa wajawazito, dada yake alikunywa akazaa mtoto wa kilo nne. Nikamwambia hicho ni shayiri tupu. "Mtu wa Kibirichia anakataa shayiri?" akasema, maana kwetu ndiko inakolimwa, ofisi nzima ikacheka. Nilicheka pia. Kisha nikaenda chooni nikatapika, si kwa ajili ya utani wake.

Jumapili, 1 Aprili. Pasaka

Sikula mkate wa Bwana. Mchungaji alinitazama, nikatazama viatu vyangu.

Jumamosi, 7 Aprili

Tone la damu asubuhi. Moja, lakini nililiona.

Daktari Riungu amepima. Moyo wa mtoto unapiga. Amesema nilale, nisipande ngazi, nisibebe ndoo, nisiende kazini mwezi mzima. Nikamuuliza nani atanibebea ndoo. Akasema hilo si swali la kidaktari.

Ireri kwa simu, upepo wa Marsabit ukivuma ndani ya maneno yake: "Enda kwa mama. Yeye anajua hiyo maneno yako, aliniambia mmeongea."

Kweli, mmoja aliyeelewa ndiye huyo.

Jumatatu, 9 Aprili

Mama Ireri amekuja mwenyewe na gari la kukodi. Mwembamba, mrefu, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kana kwamba anaenda ibadani. Alinishika mashavu, akanitazama macho, hakutazama tumbo. Hakusema neno lolote la mimba. Kwao halitajwi, na kwetu pia zamani halikutajwa.

Jattani alileta kreti nzima mpaka mlangoni, limau kumi na mbili na nanasi kumi na mbili. Mama Ireri akaikodolea macho.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ni yangu. Ndiyo inakaa tumboni."

Akaiingiza garini yeye mwenyewe, nyuma kabisa, akaifunika kwa gunia.

Kiritiri. Jumatano, 11 Aprili

Hapa hata mvua ikinyesha ardhi inainywa papo hapo. Kunde na ndengu zimeota. Mbuzi wanapita karibu na dirisha langu. Barabarani malori ya mchanga kutwa.

Asubuhi aliniletea uji kwenye kibuyu, wa rangi ya udongo, mzito, bila sukari.

"Mama, uji huu ni wa nini?"

"Ni mawele. Na ile nzuri. Kunywa, haina ile kitu."

Nikanywa vikombe viwili. Ulikaa. Nimefika mahali ambapo watu hula mawele, mtama, kunde na ndengu tangu zamani, vyakula ambavyo mimi Meru nilikuwa navitafuta kwa tochi. Nimelala usingizi mnono mchana.

Ijumaa, 13 Aprili

Uji mara tatu. Kunde. Naambiwa hata mume wangu hajawahi kuoneshwa mapenzi haya.

Jumapili, 15 Aprili

Soda ya leo ina ladha ya msumari. Mama huimimina jikoni na kuniletea kwenye kikombe, kwa heshima, juu ya kisahani. Nilimwambia ladha imebadilika. Akasema ni friji ya Njura. Njura ni binamu ya Ireri, ana kibanda cha bidhaa pale stendi, ndiye anayetuwekea baridi.

Jumatano, 18 Aprili

Tumbo limeanza kuendesha. Mara tatu. Labda ni kunde.

Alhamisi, 19 Aprili

Nimeacha kunde. Mara tano.

Jumamosi, 21 Aprili

Mara sita. Mama anasema ninywe uji zaidi, uji unafunga tumbo. Nimekunywa.

Jumatatu, 23 Aprili

Gauni la bluu linanipwaya tena. Midomo imepasuka pembeni, kama mwaka juzi, kama kabla ya ile ya pili. Nimewaza vitu ambavyo sitaviandika.

Jumatano, 25 Aprili

Nitaviandika.

Leo nilikaa kizingitini kuota jua. Lori la mchanga lilisimama langoni kungoja wenzake, wapakiaji wanne wakashuka wakakaa chini ya ukuta. Walikuwa wanakunywa soda. Limau, na kibandiko cha zile za dukani kwa Jattani ambacho nakijua kama sahihi yangu. Mmoja akarudisha chupa tupu kwa Mama Ireri, akamshukuru: "Asante, mathe, hizi ni tamu kuliko za hapa."

Soda zangu. Aliwagawia soda zangu wapakia mchanga, na mimi ananimiminia maji ya msumari kwenye kikombe.

Sikumwuliza. Niliingia ndani nikalala nikitazama ukuta. Hapo ndipo nilipoanza kuwaza: huyu mwanamke hatamki neno moja juu ya mtoto huyu. Hajanigusa tumbo. Hajauliza wiki ngapi. Mimi ni Mmeru, nina miaka thelathini na sita, nimeshindwa mara mbili, na mwanawe ni mmoja tu. Pengine anangoja nishindwe mara ya tatu ili amtafutie mwingine. Nilikasirika. Nimemchukia leo, na naandika hivyo hivyo: nimemchukia.

Ijumaa, 27 Aprili

Mara nane. Mvua ya mawe. Uji.

Jumatatu, 30 Aprili

Nina wiki kumi na nne leo. Naandika nikiwa kitandani hospitalini Embu, kalamu ya kuazima kwa muuguzi, na naandika kila kitu kwa mpangilio kwa sababu nisipofanya hivyo nitapiga kelele.

Saa nne asubuhi Mama alikuwa shambani akipalilia ndengu. Nikasikia pikipiki. Ni Njura, kibanda kimefungwa kwa ajili ya msiba wa jirani, kwa hiyo ameleta vitu mwenyewe. Akaweka mfuko mezani.

"Hizi ni zile za kila wiki, nimwachie mathe. Atta paketi mbili, na soda za zero sita. Na pole sana, shemeji. Sukari ni ugonjwa mbaya, lakini ukifuata masharti unaishi."

"Sukari gani?"

"Si wewe uko na sukari? Mathe alituambia tukuombee. Kanisa yote inakuombea."

Nikaufungua mfuko. Unga wa atta, wa kahawia, paketi ina picha ya masuke ya ngano yaliyochorwa vizuri kabisa. Nikaenda jikoni nikishika ukuta. Nyuma ya mtungi nikakuta paketi nyingine, imefunguliwa, imebaki robo, kijiko ndani yake.

Njura akaona uso wangu akaondoka kwenda kumwita Mama.

Alikuja mbio, jembe bado mkononi. Nilikuwa nimekaa chini jikoni na paketi mapajani.

"Mama, kwenye uji uliweka nini?"

"Niliweka mawele nusu, na nusu hiyo. Ile ya hospitali. Ndio walituambia tumpatie Baba Ireri."

"Hii ni ngano."

"Si ngano. Ni atta."

"Mama, atta ni ngano!"

"Ngano ni nyeupe, mwari. Ile ya chapati. Hiyo ni ya brown, ni ya wagonjwa." Huniita mwari, binti. Alisema polepole, akinifundisha. "Mtu wa ile kitu hakuli nyeupe. Anakula brown. Na soda anakunywa hiyo haina utamu. Niliona unakuja na kreti nzima ya sukari nikasema, huyu mtoto anataka kujiua, na mimi siwezi kumgombeza kwa hali yake. Nikapatia watu wa mchanga. Nikakununulia hiyo ya zero."

"Ile kitu ni nini? Itaje."

"Siwezi taja."

"Itaje, Mama!"

Alitazama mlango. Akasema kwa sauti ya chini sana: "Sukari."

"Mimi sina sukari! Sijawahi kuwa na sukari. Ugonjwa wangu ni ngano. Nilikwambia niangalie sukari ya soda, iwe ya miwa. Ugonjwa ni ngano!"

"Ngano si ugonjwa," akasema. "Ngano ni chakula."

Kisha akaangalia paketi. Akaangalia mikono yangu, ambayo mifupa yake imeanza kuonekana. Sijawahi kuona mtu akielewa jambo taratibu namna ile. Jembe likaanguka. Akakaa chini kwenye majivu, yule mwanamke wa kitambaa kilichofungwa vizuri, akaanza kusema kwa Kimbeere, haraka, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kila neno: alikuwa anasimulia jinsi walivyomkata mumewe mguu kwanza kwenye kifundo, kisha kwenye goti, kisha juu, na jinsi yeye alivyokuwa amempikia ugali mweupe na chai tamu miaka yote kabla hawajajua. Alikuwa amemlisha ile kitu kwa mikono yake. Safari hii alitaka kuwahi.

Nilitaka kumpigia kelele zaidi. Nikasimama ili nipige kelele vizuri, na nikahisi joto likishuka miguuni.

Haikuwa tone.

Gari lililokuwa karibu ni lori la mchanga. Wapakiaji wakanibeba mpaka kwa dereva, Mama akapanda akanipakata, miguu yangu juu ya dashibodi, na mvua ikaanza tukiwa hata hatujafika lami. Njia nzima alinishika kichwa. Hakuomba kwa sauti. Kila mara nilipofungua macho alikuwa ananitazama usoni, na midomo imekazwa.

Jumanne, 1 Mei

Damu imepungua. Mtoto yupo. Daktari wa hapa amenionesha kwenye skrini, mkono umeinuliwa. Maji ya dripu tangu jana.

Amesema saa arobaini na nane zijazo ndizo zitakazoamua.

Jumatano, 2 Mei

Hakuna damu tangu usiku. Mama amelala kwenye benchi la korido siku mbili. Muuguzi alimletea chai na mkate, akakataa mkate.

Ijumaa, 4 Mei

Nimeruhusiwa. Ireri amefika kutoka Marsabit na vumbi masikioni. Amelia mbele ya mama yake na mbele yangu, kisha akauliza, "Kwa hivyo baba alikuwa na sukari? Mimi niliambiwa ni mguu." Mama akasema, "Mguu ulikuwa na sukari." Miaka tisa baada ya mazishi.

Ireri anataka nirudi Meru. Nimefikiria njia nzima. Meru kuna Daktari Riungu na Jattani, na pia kuna ngazi, ndoo, na siku nzima peke yangu. Kiritiri kuna mawele. Na kuna mtu mmoja ambaye hawezi tena kukosea juu ya ngano hata akiamshwa usingizini. Nimechagua Kiritiri. Nimemwambia Mama mwenyewe. Akafunga kitambaa upya.

Sijamsamehe kabisa. Nimeamua tu kukaa naye.

Jumapili, 6 Mei

Uji wa mawele matupu. Hapeleki kwa mashine ya kusaga, kwa sababu nimemwambia mashine hiyo husaga na ngano ya watu. Anatwanga kwenye kinu, anasaga kwa jiwe. Niko kitandani nasikia.

Kibuyu cha zamani amekichoma moto. Vijiko amechemsha. Atta iliyobaki ilikwenda kwa kuku, kisha akaanza kuwa na wasiwasi na mayai, ikanibidi nimwelimishe juu ya kuku.

Jumatano, 9 Mei

Mara moja tu leo.

Kichefuchefu bado kipo asubuhi, na soda zimeisha. Mama akasema ataenda sokoni mwenyewe. Kiingereza hasomi, anasoma Biblia ya Kiembu, kwa kidole. Kwa hiyo nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa, maneno ya kukataa: lile la ngano, lile la shayiri, lile la kimea, na majina matatu ya vile vitamu vya maabara. Chini, peke yake, neno la kukubali: sukari ya miwa. Nikamwambia afananishe herufi moja moja, kama anavyofananisha mbegu.

Aliondoka saa tatu, akarudi saa tisa. Njura amenisimulia: alipita maduka yote ya Kiritiri, moja baada ya jingine, akakaa kwenye stuli, akaomba kila chupa, akaweka karatasi kando ya kibandiko na kidole juu ya kila herufi. Mwenye duka mmoja alimwambia, "Mathe, soda ni soda, chukua yoyote." Akamjibu, "Hivyo ndivyo mimi pia nilikuwa nasema."

Amerudi na aina moja. Nanasi. Nimeisoma kwa makini yote, na maandishi madogo, na nilikuwa natamani nikute kosa, sijui kwa nini. Halipo. Ni safi.

Nimelia kidogo nikiwa peke yangu. Sasa nimemsamehe.

Jumatatu, 14 Mei

Wiki kumi na sita. Mwezi wa nne umekwisha. Sijawahi kufika hapa. Sijamwambia mtu, nimeandika tu.

Jumapili, 20 Mei

Ndengu zimevunwa nusu. Kilo mbili zimeongezeka. Zangu, si za ndengu.

Jumamosi, 26 Mei

Kaka yangu Kithinji ameleta viazi gunia zima kutoka Kibirichia. Mama ameuliza kila kiazi kimelimwa kando ya nini.

Jumamosi, 2 Juni

Leo akina mama wa kanisa walikuja kuniona. Kumi na wanne, na masufuria vichwani. Mvua imekatika tangu Jumatatu, tukakaa nje. Walileta mandazi, chapati, wali, na soda. Mama aliwapokea, akaondoa mandazi na chapati mezani, akapeleka kwenye meza nyingine mbali, bila kueleza. Wakatazamana.

Wakaomba. Mwenyekiti wao anaitwa Beth, mama mnene wa sauti nzuri, akamwomba Mungu aniponye "ule ugonjwa wa damu tamu, unaojua jina lake, Bwana." Wote wakaitikia amina. Mimi nikatazama chini, sikuitikia.

Kisha wakagawa soda. Mama akanifungulia ya nanasi, akanipa chupa mkononi, haimimini tena kikombeni. Beth akaruka.

"Mama Ireri! Unampea sukari? Unataka kumuua mtoto wa wenyewe? Hebu lete hapa." Akainyakua. "Huyu apewe chai strungi, nyeusi bila sukari, na kipande cha brown bread. Nimekuja nayo, nimekumbuka."

Wote wakakubali, huyu akisema hili, mwingine lile, mmoja ameshafungua mkate. Nikamtazama Mama. Nilijua angeweza kunyamaza. Angeweza kusema daktari amebadilisha dawa, wakaelewa, mambo yakaisha, na heshima yake ingebaki pale pale. Kiritiri nzima ilikuwa inajua yeye ndiye mjuzi wa ugonjwa ule.

Akasimama. Akachukua chupa mkononi mwa Beth.

"Huyu hana sukari," akasema. "Hakuwa nayo. Mimi ndiye nilisikia vibaya, na nikaogopa kuuliza kwa sababu niliogopa kutaja. Niliwadanganya mkaomba maombi ya ugonjwa mwingine. Ugonjwa wake ni ngano. Na mimi nilimlisha ngano wiki tatu, asubuhi, mchana na jioni, kwa mikono hii. Lori la mchanga lilimpeleka Embu akiwa na damu. Mtoto angeenda, angeenda kwa uji wangu."

Hakuna aliyesogea. Hata mbuzi, nadhani.

"Ngano ni ugonjwa gani?" mmoja akauliza taratibu.

"Ni ugonjwa wa ngano," Mama akasema. "Funga hiyo mkate."

Mkate ukafungwa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akaja nyuma ya kiti changu, akaweka kiganja chake tumboni pangu, mbele ya wote, kiganja kigumu cha kinu na jembe. Hajawahi kunigusa pale.

"Nimechoka na kunyamaza," akasema. "Kunyamaza ndiko kulikokaribia kumuua. Huyu yuko hapa. Ana wiki kumi na nane. Akiwa kijana ni Runji, baba ya Ireri, aliyekufa na sukari."

Wanawake walishika vinywa. Mtoto ambaye hajazaliwa haitwi jina, na mume aliyekufa mkewe hamtaji hivi hivi. Nilisubiri mtu alalamike. Hakuna.

"Na akiwa msichana?" nikauliza, ingawa jibu tunalijua wote, binti wa kwanza huitwa jina la mama mkwe.

"Akiwa msichana ni Igoki," akasema, "na tutamuuliza yeye mwenyewe anaumwa na nini."

Wakacheka mpaka Beth akafuta macho kwa leso. Mimi sikucheka. Nililia, mbele ya wote kumi na wanne, na sikujificha uso, na kiganja hakikuondoka.